Askari hakuja peke yake

Kwa imani iliyoenea Dar es Salaam, askari wa kigeni wa enzi ya Wajerumani alikuwa mwanamume aliyekuja na bunduki, akapokea mshahara, akapigana, akaenda zake. Mke, kama alikuwapo, alikuwa mzigo wa safari, na watoto waliozaliwa kambini walikuwa watu wasio na kwao. Hata shaba inaitetea imani hiyo. Mnara wa Askari wa mwaka 1927 kwenye Barabara ya Samora, ambao wazee wa mjini waliuita sanamu ya Bismini, ni mtu mmoja aliyeinama na singe yake, bila kiumbe mwingine kando yake. Kabla yake, tangu 1909, mji ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, na chini yake askari mmoja wa shaba. Kwa zaidi ya karne wapita njia wamefundishwa na wachonga sanamu kwamba askari ni mtu pekee. Wamefundishwa uongo.

Mwaka 1888 Abushiri bin Salim na wenzake waliwafukuza watu wa Kampuni ya Wajerumani kutoka sehemu kubwa ya pwani. Bismarck akamtuma Wissmann, na Wissmann hakuwa na jeshi, ikabidi alitafute. Cairo aliajiri Wasudani wapatao 600, watu waliokwisha kutumika katika jeshi la Misri na sasa hawana kazi. Kutoka Inhambane, katika Msumbiji ya Wareno, zikaletwa mia kadhaa za Washangaan, ambao Wajerumani waliwaita Wazulu na wakawalipa chini ya Wasudani. Walipofika pwani mwaka 1889, Wasudani wengi walikuja na wake zao na watoto wao. Haikuwa hisani ya Wissmann. Ndivyo jeshi la Misri lilivyozoea kuishi huko Sudan, na askari mzoefu hakukubali kuajiriwa kwa masharti mengine.

Anayeiita familia hiyo mzigo aeleze kwanza askari alikula nini. Jeshi halikumpikia. Alipewa posho, nafaka au fedha ya kununulia, na kazi yote iliyobaki ilifanywa nyumbani kwake: kutwanga, kupepeta, kuteka maji, kutafuta kuni, kusonga ugali, kufua, kumuuguza akirudi na jeraha. Kando ya kila boma, kuanzia pwani hadi Tabora na Iringa, kilijitokeza kijiji cha askari chenye vibanda, bustani, kuku na vitoto vikikimbia uwanjani nyakati za gwaride. Maofisa wa Kijerumani waliulalamikia msururu wa wanawake, watoto na maboi uliofuata kila safari, lakini hawakuweza kuukata, maana bila msururu huo hakuna jeshi ambalo lingetembea siku tatu.

Heshima ya askari nayo ilipimwa kwa nyumba yake. Mwanahistoria Michelle Moyd, katika kitabu chake cha 2014 juu ya askari hao, anaonyesha kwamba wengi walitafuta ukubwa wa aina inayojulikana kote Afrika Mashariki: kuwa na wake, watoto, wafuasi, na cha kuwalisha. Hapa pasipambwe. Baadhi ya wake hao walikuwa mateka wa vita, wanawake waliochukuliwa katika nchi zilizochomwa moto na jeshi lile lile, na ndoa ya namna hiyo haikuanza kwa posa. Lakini mwanamke aliyetekwa Uhehe akazaa bomani hakuwa mpita njia. Yeye na wanawe walikuwa wakazi wapya wa mahali pale.

Uzito wa familia ya askari ulionekana wazi zaidi Uganda. Mwaka 1891 Kapteni Lugard, ofisa wa Kiingereza, aliwachukua Wasudani wa jeshi la Misri waliowahi kuwa chini ya Emin Pasha, waliobaki karibu na Ziwa Albert chini ya Selim Bey. Wenye bunduki walikuwa kama 600, lakini msafara mzima, pamoja na wake, watoto na watumishi, ulipita watu 8,000. Miaka sita baadaye Waingereza waliwaamuru wanajeshi hao waende safari ndefu na Meja Macdonald. Wakaasi. Malalamiko yao yalikuwa mshahara mdogo na uliochelewa, kuhamishwa bila kupumzishwa, na kutenganishwa na wake zao. Uasi huo wa 1897 nusura uing'oe serikali ya Waingereza Uganda. Serikali iliyodhani mke wa askari ni kitu cha kuachwa nyuma ilijifunza kwa damu.

Von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza, hakurudia kosa hilo. Alipovuka Mto Ruvuma Novemba 1917 kuingia Msumbiji, wanawake na watoto walivuka pamoja na safu yake, na watoto wengine walizaliwa njiani. Mwaka mmoja baadaye, alipoweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, alikuwa bado na askari zaidi ya 1,100. Uaminifu wao umesifiwa sana Ujerumani, ukageuzwa ngano ya mapenzi ya askari kwa Kaisari. Ngano hiyo ni binamu wa imani inayojadiliwa hapa, kwa kuwa nayo inamtenga askari na watu wake. Mtu anayetembea na mkewe, wanawe na mali yake yote hana mahali pa kutorokea, na mshahara anaodai unalipika tu kama mwajiri hajashindwa.

Wale watoto wanaodhaniwa kuwa hawana kwao wana majina, na majina hayo yanajulikana Kariakoo. Sykes Mbuwane alikuja na jeshi la Wissmann kutoka Msumbiji. Mwanawe Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894, akapewa jina la Kijerumani. Baba akafa mtoto angali mdogo, na malezi yakachukuliwa na Effendi Plantan, askari mwenzake wa asili ile ile. Hakukuwa na ukoo wa kumrudisha yatima Inhambane, wala haukuhitajika, kwa sababu kikosi chenyewe kilikwisha kuwa ukoo. Kleist alipigana upande wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akafanya kazi chini ya Waingereza. African Association ilipoundwa Dar es Salaam mwaka 1929, yeye alikuwa katibu wake. Thomas Plantan, mwana wa Effendi, naye alikuja kuwa rais wa chama hicho kilipoitwa Tanganyika African Association (TAA). Wana wa Kleist, Abdulwahid na Ally, walivaa sare za King's African Rifles na kupelekwa Burma katika Vita Kuu ya Pili. Waliporudi waliingia katika siasa zilizozaa TANU mwaka 1954. Katika miaka hiyo Abdulwahid alikuwa msimamizi wa Soko la Kariakoo. Ni vigumu kupata kazi inayomfunga mtu na mji huu kuliko hiyo, nayo ilishikwa na mjukuu wa mgeni aliyekuja kwa kandarasi ya vita.

Mtoto mwingine wa kambi alipelekwa mbali zaidi. Mohamed Husen, mwana wa askari wa Kisudani, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Aliingia vitani akiwa mtoto, akajeruhiwa Mahiwa Oktoba 1917. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake, akakataliwa. Alibaki huko akifanya kazi ya uhudumu hotelini na kufundisha Kiswahili, akaoa na kupata watoto, hadi utawala wa Wanazi ulipomkamata. Alikufa katika kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Familia hii iliishi ugenini mara mbili katika vizazi viwili, na ugeni uliomuua Husen haukuwa ule wa Dar es Salaam.

Watetezi wa imani ya kale hukimbilia Kibera. Wanubi wa Nairobi, wanasema, ni wajukuu wa askari Wasudani na hadi leo huitwa wageni. Ni kweli waliitwa hivyo, ila chanzo si damu ya kiaskari. Serikali ya kikoloni iliwaweka Kibera mwanzoni mwa karne ya 20 bila kuwapa hati, na hati ya jumuiya, ya ekari 288, ilikuja mwaka 2017. Mtu anayeishi miaka mia mahali asipoweza kuonyesha karatasi atabaki mgeni hata kama babu yake alikuwa mkulima.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la kimaadili: watu hawa waliitumikia dola iliyomnyonga Abushiri na kuwafisha Wamatumbi na Wangoni kwa njaa baada ya 1905, basi kumbukumbu zao ziachwe zipotee. Hukumu juu ya kazi yao ni halali, na ni kali. Haihalalishi kubuni kwamba hawakuwa na nyumba. Wake na watoto wao hawakuisaini kandarasi ile, na aliyekuwa katibu wa African Association ilipoundwa mjini humu alikuwa mmoja wa watoto hao.

Kipimo cha mwisho kiko katika jina la Kariakoo lenyewe. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, na eneo ambalo Wajerumani walilipangia mtaa wa Waafrika na soko likawa kambi ya wapagazi wa Carrier Corps, ambao ndio asili ya jina hilo. Soko lilifunguliwa kwa wananchi mwaka 1923. Mitaa ya Mahiwa, Narung'ombe na Tandamti inabeba majina ya mahali palipopiganwa kusini mwaka 1917, na huko wapagazi walibeba risasi na unga hadi wakaanguka. Upande wa Waingereza peke yake walifika kama milioni moja, na hesabu rasmi za waliokufa zinakaribia laki moja. Hawa ndio waliokuwa wanaume pasipo wake na watoto, kama imani inavyomtaka askari awe: walikamatwa vijijini mmoja mmoja, wakalishwa chakula wasichokizoea, wakafa zaidi kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi. Wengi wa walionusurika walirudi walikotoka. Kitongoji kilichukua jina lao, lakini hawakuacha mjini nasaba kama za kina Sykes na Plantan. Orodha za mwanzo ziliandikwa ovyo, ndugu wa marehemu wengi hawakufuatiliwa, na sehemu kubwa ya mishahara yao haikulipwa kwa mtu yeyote.