Tumbili Hakutufundisha Kusema

Kuna hoja inayopendwa sana vijiweni, na siku hizi hata madarasani: kwamba lugha ya binadamu ni ukelele wa tumbili uliokomaa. Mmoja alipiga yowe alipomwona chui, wajukuu wakaongeza yowe jingine, vitukuu wakayaunganisha, na sisi leo tunatunga sheria na kutukanana kwenye WhatsApp. Wenye hoja hii ukiwabana hukimbilia Amboseli.

Huko, ndani ya kaunti yetu hii ya Kajiado, Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler waliwachezea tumbili milio yao wenyewe iliyorekodiwa, wakachapisha matokeo mwaka 1980. Mlio wa chui ukisikika, tumbili hupanda mitini. Wa tai, hutazama juu au hujitosa vichakani. Wa nyoka, husimama kwa miguu miwili na kuchungulia nyasi. Ni utafiti safi, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na wanaoubebesha mzigo usio wake.

Maana mwaka 2019 watafiti wengine walieleza jinsi walivyorusha droni juu ya tumbili wa kijani wa Senegal, binamu waliotengana na hawa wetu yapata miaka milioni 3.5 iliyopita. Tumbili hao wakapiga mlio uliofanana mno na ule wa tai wa Amboseli. Mlio huo wanazaliwa nao; wanachojifunza ni lini waupige. Sasa panda matatu Ewuaso Kedong ushuke Ngong, safari isiyomaliza asubuhi, uone Kimaasai kinavyokupisha na Kikuyu kinavyokupokea. Tena lugha husimulia hata yaliyopita, na hakuna tumbili aliyewahi kupiga mlio wa chui wa juzi.

Urithi wetu wa mayowe haujapotea, wala haukugeuka maneno. Jikwae kidole gumba kwenye jiwe uusikie. Kicheko na kilio vimebaki pembeni ya lugha, na mtoto kiziwi asiyewahi kusikia sauti hata moja hutwaa Lugha ya Ishara ya Kenya kwa mikono, yenye sarufi kamili. Ingekuwa yowe ndilo mzizi, huyo angeota wapi?

Mimi, nikitafuta mzizi huo, natazama Olorgesailie, eneo la masalia ya kale kusini mwetu kwenye barabara ya Magadi. Kwa mamia ya maelfu ya miaka watu wa pale walichonga shoka za mkono, nyingi kwa mawe ya jirani tu. Kisha, kiasi cha miaka 320,000 iliyopita, mambo yanabadilika. Rick Potts, Alison Brooks na wenzao walieleza mwaka 2018: zana ndogo zilizochongwa kwa ustadi, rangi nyekundu na nyeusi, na obsidiani, jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, lililotoka kilomita 25 hadi 50, jingine hadi karibu 90.

Najua, mawe hayasemi. Mtu ataniambia kuchonga hufunzwa kwa kutazama, na ni kweli. Lakini jiwe lililo mwendo wa siku kadhaa, mikononi mwa watu usiowajua, hulioni wala huwezi kulinyooshea kidole. Lazima mtu akueleze liko wapi, nani analo, na anataka nini badala yake. Hapa Ewuaso mzee akifika bomani hupewa nafasi atoe habari zote kwa zamu, mwenyeji akiitikia: mvua imenyesha wapi, nyasi zimebaki wapi, ng'ombe wa nani wamekufa. Hakuna hata moja kati ya habari hizo iliyo mbele ya macho yao. Hapo ndipo ningetafuta chimbuko la lugha, kwa watu wenye haja ya kisichoonekana na ya kumwamini anayekieleza, kabla ya kwenda kulitafuta kooni mwa mnyama aliyeshtuka.

Shule zinazopanga ziara ya Amboseli zianzie Olorgesailie. Shoka zimelala palepale zilipofukuliwa, chini ya paa, na mtoto anaweza kuuliza zana zilizochongwa baadaye zilipata mawe yake wapi.