Riwaya za mapenzi zinauza sana, mbona chama cha waandishi wake kilifilisika?

Mei 29, 2024, chama kikubwa cha waandishi wa riwaya za mapenzi Marekani, Romance Writers of America (RWA), kiliomba kinga ya kufilisika katika mahakama ya Houston, Texas. Wanachama walikuwa wamebaki kama 2,000. Miaka michache nyuma walikuwa wanafika 10,000.

Ajabu ni kwamba kipindi hichohicho biashara yenyewe ilikuwa inapaa. Kwa takwimu za kampuni ya Circana, riwaya za mapenzi za karatasi zilizouzwa Marekani zilitoka nakala milioni 18 mwaka 2020 hadi zaidi ya milioni 39 mwaka 2023. TikTok ilijaa mabinti wanaolia mbele ya kamera kisa kitabu. Wateja wapo, tena wamepanga foleni, halafu chama cha wauzaji kinakosa hela ya kulipa madeni. Imekuwaje?

Shule isiyo na majengo

RWA ilianzishwa Houston mwaka 1980. Wakati huo riwaya za mapenzi zilionekana vitabu vya kupotezea muda, na aliyetaka kujifunza kuziandika hakuwa na pa kwenda. Chama kikafanya jambo ambalo vyama vingi vya waandishi havifanyi: kilimpokea hata mtu ambaye hajawahi kuchapisha ukurasa mmoja.

Mama wa nyumbani mwenye mswada kabatini aliweza kukaa meza moja na mwandishi mwenye jina kubwa. Kwenye matawi watu walisomeana miswada na kukosoana bila kuoneana haya. Kwenye mkutano wa mwaka, mgeni alipewa dakika chache amshawishi mhariri wa kampuni kubwa. Kulikuwa hata na tuzo ya miswada ambayo haijachapishwa, Golden Heart.

Somo la kwanza lilikuwa na masharti mawili tu. Mapenzi yawe ndiyo kiini cha hadithi, na mwisho umwache msomaji ameridhika na ana matumaini. Kwa kipimo hicho Romeo na Juliet wanafeli mapema.

Inasikika rahisi, kumbe hapo ndipo pagumu. Msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba hawa wawili watapatana. Kazi ya mwandishi ni kumfanya awe na wasiwasi kwa kurasa 300 hata hivyo. Kinachowatenganisha wapenzi lazima kiwe kizito kweli. Kama ni simu moja tu ambayo haikupokelewa, msomaji anajiona ameibiwa.

Ugomvi ulioanza zamani

Miongoni mwa waanzilishi wa RWA alikuwa Vivian Stephens, mhariri mweusi. Mwaka huohuo wa 1980 alikuwa ameisimamia Entwined Destinies ya Rosalind Welles, moja ya riwaya za kwanza za aina hii kutoka kampuni kubwa zenye wapenzi weusi, zilizoandikwa na mwandishi mweusi. Lakini tuzo kuu ya chama, iliyoanza 1982 na baadaye kuitwa RITA, haikwenda kwa mwandishi mweusi hadi 2019, walipoipata Kennedy Ryan na M. Malone. Miaka 37. Hapo huhitaji mchambuzi.

Desemba mwaka huohuo mambo yakalipuka. Mwandishi Courtney Milan alikuwa amekikosoa mtandaoni kitabu cha mwandishi mwingine, akisema kinawachora wanawake wa Kichina kibaguzi. Malalamiko yakapelekwa, na siku mbili kabla ya Krismasi ikajulikana kuwa chama kimemsimamisha Milan mwaka mzima. Kelele zikawa kubwa, adhabu ikafutwa, viongozi wakajiuzulu, tuzo za 2020 hazikutolewa. Wanachama wakaondoka kwa mafungu.

Hoteli za mikutano zilikuwa zimeshawekwa miaka kabla, kwa hesabu ya umati ule wa zamani. Deni likakaribia dola milioni 3.

Mlango uliokosa mlinzi

Lakini kiukweli ugomvi peke yake hautoshi kueleza. Chama kilikuwa kinauza njia ya kumfikia mhariri, na mhariri alishaanza kukwepeka. Colleen Hoover alijichapishia mwenyewe Slammed mwaka 2012, leo ni mmoja wa waandishi wanaouza zaidi duniani. Ukiweka kitabu cha kielektroniki Amazon kwa bei kati ya dola 2.99 na 9.99, unaweza kuchukua asilimia 70. Kwa mchapishaji wa vitabu vya karatasi vya bei nafuu, asilimia 10 tu ni ndoto kwa wengi.

Na malipo yakabadilisha uandishi wenyewe. Tangu Amazon ianze kulipa kwa kurasa zilizosomwa, mfululizo wa vitabu vitano una faida kuliko kitabu kimoja kilichopikwa miaka mitatu. Wabongo wanaujua mchezo huu. Simulizi ya WhatsApp inakatwa palepale mlango unapogongwa, halafu inafuata namba ya kutuma pesa.

Ambacho programu haifundishi ni nani wa kumpigia mambo yakiharibika. Mwaka 2018 mwandishi mmoja alisajili neno "Cocky" kuwa alama yake ya biashara, kisha akawataka wenzake wenye neno hilo kwenye majina ya vitabu wabadilishe. Baadhi ya vitabu vikaondolewa Amazon. RWA na Authors Guild wakaingilia, vitabu vikarudishwa, na mwisho alama hiyo ikaachwa. Mwandishi mmoja mmoja asingeweza kumlipa wakili kwa vita hiyo.

Anayeuza simulizi kwenye simu, awe Texas au Tandika, hana meza ya kupeleka kesi kama hiyo. Kazi yake ikinakiliwa usiku na kuuzwa kwenye kundi jingine kwa jina jingine, asubuhi anaandika posti ya kulalamika, anawatoa kundini anaowashuku, kisha anaendelea na sehemu ya 12, maana wateja walishalipia.