Kibao cha Shingoni Hakifundishi Kiingereza

Ijumaa moja mpwa wangu, anayesoma darasa la nne katika shule ya mchepuo wa Kiingereza hapa Dar es Salaam, alirudi nyumbani anang'aa kwa furaha. "Mjomba, leo sijavaa kibao!" Kibao chenyewe ni kipande cha mbao kilichotobolewa juu na kupitishwa kamba. Mtoto akikutwa anasema Kiswahili huvishwa shingoni, akakaa nacho mpaka amsikie mwenzake akiteleza, naye amvishe. Nikampongeza. Nikamwuliza, kwa hiyo umeongea Kiingereza siku nzima? Akanitazama kama vile sikuelewa jambo jepesi kabisa. "Hapana, mjomba. Nimenyamaza."

Jibu hilo limenikaa moyoni. Mtoto wa miaka kumi amejifunza kwamba njia salama ya kupita siku ya shule ni kufunga mdomo, na sisi wazazi tunalipia ada.

Nyuma ya kibao hicho kuna imani iliyoenea mno, nayo ni kwamba Kiswahili ndicho kinachoua Kiingereza. Utaisikia kwa walimu wakuu, kwenye vikao vya wazazi, hata kwa watu wazima wanaohangaika na kozi za jioni: ukitaka kukijua Kiingereza, acha Kiswahili. Kana kwamba kichwa cha mtu ni debe, na ukitaka kutia mafuta sharti kwanza umwage maji. Imani hii si ya kweli, na madhara yake nayaona kila nikisahihisha barua za kuombea kazi ninazoletewa na vijana wa mtaani kwetu.

Adhabu yenyewe ni ya zamani. Mwandishi wa Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind: katika shule za Kenya ya mkoloni, aliyekutwa akisema Kigikuyu alichapwa, au alivishwa bati shingoni lenye maneno ya kumtukana, na watoto wakafundishwa kuwindana wao kwa wao. Mkoloni amekwenda zake zaidi ya miaka sitini sasa. Bati lake tumelibadilisha likawa mbao.

Tuyaangalie makosa yenyewe, maana hapo ndipo imani hii inapoanguka. Kijana anaandika "I have seen him yesterday." Mwalimu anachora mstari mwekundu, anaandika "tense!" pembeni, anaendelea na daftari linalofuata. Kijana hajaelewa kitu, na wiki ijayo atarudia. Lakini kosa hilo halikutokana na uvivu. Ametafsiri kwa uaminifu sentensi sahihi kabisa ya kwao: nimemwona jana. Kiambishi -me- kinasema jambo limekwisha na hali yake bado ipo, na Kiingereza kina umbo linalofanana nacho sana, ndiyo maana analikimbilia. Kinachotofautisha ni kwamba umbo lile la Kiingereza halikubali kukaa pamoja na wakati uliokwisha kufungwa. Ukishataja jana, juzi au mwaka uliopita, huna budi kusema "I saw him." Maelezo haya ni ya dakika tano, na kwa Kiswahili mtoto wa darasa la sita anayaelewa. Kwa Kiingereza ambacho bado hakijui, hawezi.

Au chukua "the book which I read it." Hiyo "it" ya mwisho imetoka wapi? Imetoka kwenye -ki- ya pili katika "kitabu nilichokisoma". Mtoto ametafuta pa kuiweka, akaiweka mwishoni. Anayesema "borrow me your pen" anafuata kitenzi kuazima, ambacho kwetu kinamtosha anayetoa na anayepokea: niazime kalamu, nimeazima kalamu. Anayechanganya "he" na "she" ana lugha yenye neno yeye, lisilouliza jinsia ya mtu. Na ukimwuliza Mswahili "Hujala?" akajibu "Ndiyo", anakubali kwamba hajala, ilhali Mwingereza kwa swali kama hilo angejibu "No". Watu wazima wenye shahada wanakosana kazini kwa jambo dogo kama hili, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia.

Makosa yetu mengi yana nyumba, na nyumba yake ni Kiswahili. Mwalimu aliyekifukuza Kiswahili darasani ameitupa ramani ya mahali makosa yanakotoka, halafu anashangaa yanarudi. Mimi nilipata bahati kidato cha pili. Mwalimu wetu aliandika sentensi mbili ubaoni, ya Kiswahili juu na ya Kiingereza chini, kisha akachora mistari kwa chaki ya rangi kuunganisha neno na neno, kiambishi na neno. Pale ambapo mstari haukuwa na pa kwenda, alisimama, akatugeukia, akasema: hapa ndipo mtakapoanguka. Nimesahau mengi ya shuleni, ila mistari ile naiona hadi leo.

Msamiati nao ni vivyo hivyo. Mtoto wetu haanzi na kichwa kitupu: shati, sketi, kabati, breki, skrubu, baiskeli, yote yamevuka kutoka Kiingereza na anayatumia kila siku. Kiswahili kimelichukua bango la barabarani, "keep left", kikalifanya kiplefti, na vikiwa viwili ni viplefti. Kimelichukua "mudguard", kikasikia ma- ya wingi mbele yake, kikazaa digadi moja na madigadi mengi. Lugha inayoweza hivyo haimzuii mtu kujifunza nyingine.

Na tusijidanganye kwamba jambo hili halijawahi kupimwa. Mwaka 1978 Penina Mlama na May Matteru walichapisha, kupitia Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), utafiti wao kuhusu haja ya kufundishia kwa Kiswahili katika elimu ya juu. Walikuta wanafunzi waliokwama wakiulizwa kwa Kiingereza wakijieleza vizuri kwa Kiswahili kuhusu jambo lile lile. Mwaka 1982 tume ya rais chini ya Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari. Serikali ikakataa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walipima wanafunzi wetu na kukuta kwamba kidato cha nne ni kama mmoja tu katika kumi aliyekuwa na Kiingereza cha kutosha hata kuanza kusomeshwa kwa lugha hiyo. Hao walikuwa wanakaribia kumaliza! Na bado walipendekeza Kiingereza kiendelee kufundishia. Vizazi viwili baadaye, kijana bado anakariri maana ya "photosynthesis" neno kwa neno, na ukimwomba akueleze mmea unafanya nini na jua, ananyamaza kama mpwa wangu.

Najua nitakachojibiwa: mbona watoto wa shule za ada kubwa wanaongea Kiingereza safi, na huko Kiswahili hakiruhusiwi? Wanaongea, ni kweli. Nyumbani wana baba na mama wanaokisema, wana rafu ya vitabu vya hadithi, na darasani wako ishirini na tano mbele ya mwalimu anayekimudu. Ondoa hayo yote ubakize kibao, uone watakavyoongea. Shule maskini zinapoziiga shule hizo, huiga katazo peke yake, kwa sababu katazo ndilo pekee lisilohitaji bajeti.

Uholanzi na Sweden watoto husoma hisabati na jiografia kwa lugha zao, Kiingereza wanafundishwa kama somo, na filamu za Kiingereza wanazitazama kwa sauti yake halisi huku wakisoma tafsiri chini ya picha. Hakuna anayetilia shaka Kiingereza chao. Utaniambia lugha zao ni jamaa wa karibu wa Kiingereza, na ni kweli. Basi sisi ambao lugha yetu iko mbali nacho ndio tunaohitaji zaidi mtu wa kutueleza tofauti, tena kwa lugha tunayoielewa.

Sipingi Kiingereza. Nakula kwa Kiingereza; ripoti zangu za kazi naziandika kwa lugha hiyo, na nataka mpwa wangu akijue kunizidi. Ndiyo maana kibao kinanikera. Mtoto hujifunza lugha kwa kuisikia kwa wingi katika maneno anayoyaelewa, kwa kusoma vitabu vyepesi kimoja baada ya kingine, vile anavyoweza kuvimaliza bila kufungua kamusi kila mstari, na kwa kuthubutu kukosea mbele ya mtu asiyemcheka. Mradi wa kuimarisha Kiingereza ulioanza mwaka 1987 kwa msaada wa Uingereza ulipeleka vitabu vya namna hiyo katika sekondari zetu. Leo ingia shule nyingi uulize maktaba iko wapi; utaonyeshwa kabati lenye kufuli.

Walimu wakuu, vikusanyeni vibao hivyo kabla muhula haujaanza. Na wewe mzazi, kwenye kikao kijacho usiulize kama watoto wanakatazwa Kiswahili. Uliza shule ina vitabu vingapi vya hadithi za Kiingereza, vimeazimwa mara ngapi mwezi uliopita, na ufunguo wa kabati anao nani.