Butembo: Garanti ya pikipiki isife kwa sababu ya taa mbili

Pikipiki mpya ikitoka dukani Butembo, mara nyingi haiendi kazini moja kwa moja. Inapita kwanza garaji. Nailoni ikiwa bado kwenye kiti, fundi anafunga chuma cha kukinga miguu, anarefusha mahali pa mizigo, anaongeza taa mbili mbele, na motari akitaka, anatoa filta ya hewa na kuchonga eshapema « ili motere ipumue ». Ni kazi ya nusu siku. Motari anaondoka na furaha, karatasi ya garanti imekunjwa ndani ya mfuko wa koti. Hajaisoma.

Miezi miwili baadaye motere inaanza kutoa moshi wa bluu. Mwenye duka anaangalia taa, anaangalia pale filta ilipokuwa, na kutoa jibu fupi: « Mliifungua, garanti imekwisha. » Hapo ugomvi unaanza, na mara nyingi unaishia hapo hapo, kwa sababu motari hana la kujibu.

Kwa mtu mwenye mshahara, hiyo ni hasara. Kwa familia iliyokimbia vita kusini mwa wilaya ya Lubero mwaka 2024, ama ile iliyotoka vijijini upande wa Beni kwa sababu ya mauaji, ni njaa. Familia nyingi za namna hiyo zilifika mjini bila shamba. Mtu akiuza ng'ombe wa mwisho, ama ndugu wakichanga, pikipiki ndiyo inakuwa shamba. Na kama ilichukuliwa kwa mkopo, deni haliulizi kama motere inazunguka ama imekufa. Kila wiki duka linangoja hesabu yake.

Kwa hiyo swali la garanti si la mafundi tu. Na jibu la haki lipo, ingawa halimpendezi kabisa mwenye duka wala motari: kitu kilichoongezwa kiondoe garanti ya kile tu kilichoharibu, wala si ya pikipiki nzima. Na anayesema kwamba kiliharibu, aonyeshe vipi.

Taa ni mfano mwepesi. Pikipiki ndogo inatengeneza umeme kidogo, wa kutosha taa zake, honi na bugi. Ukiongeza taa mbili kubwa, redio na waya wa kuchajia simu, vyote vikichukua umeme moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi, betri inalala na waya zinaweza kuyeyuka. Duka likikataa kubadilisha betri hiyo, lina haki. Lakini giya ikivunjika, taa zinahusika wapi? Chuma cha kukinga miguu kinahusika wapi na pistoni? Mwenye duka anayekataa kila kitu kwa sababu ya taa mbili hajafanya uchunguzi. Ametafuta mlango wa kutokea.

Filta ya hewa ni habari nyingine, na hapa motari asidanganywe. Barabara nyingi za Butembo ni udongo mwekundu, na wakati wa kiangazi vumbi linafunika hata majani ya migomba. Filta inazuia vumbi hilo lisiingie ndani ya silinda. Ikitolewa, vumbi linaingia pamoja na hewa na kusaga pistoni, pete zake na kuta za silinda kama msasa. Pete zikichakaa, mafuta ya motere yanapanda juu na kuungua pamoja na esansi. Moshi wa bluu ni huo. Tena karbirateri haijui kwamba hewa imeongezeka: inaendelea kutoa esansi ile ile, mchanganyiko unakuwa mwepesi, na motere inapata joto kupita kiasi. Motari anasikia sauti kubwa na kudhani ni nguvu. Duka likikataa pistoni ya pikipiki isiyo na filta, ni vigumu kulilaumu.

Vivyo hivyo kwa wanaobadilisha silinda ili wapate kubwa kuliko ile ya kiwandani. Motere ilipimwa kwa silinda yake: giya, klachi na kupoa kwake vilihesabiwa pamoja. Mtu anayetaka nguvu zaidi afanye hivyo akijua kwamba kuanzia siku hiyo kiwanda hakimo tena.

Kuna mageuzi mengine ambayo motari hayafanyi kwa kiburi. Mlima unamlazimisha. Butembo iko juu, Kasindi iko chini kwenye tambarare ya Semliki. Motere isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1000 za kupanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Esansi nayo inazidi hewa, bugi inakuwa nyeusi, na pikipiki inachoka na mzigo wa mihogo mlimani. Fundi anaona hivyo, anaweka jikleri ndogo zaidi ndani ya karbirateri, na pikipiki inafufuka. Ni kazi sahihi. Shida inakuja siku motari anaposhuka Kasindi kuchukua mzigo: chini kule hewa ni nzito, jua ni kali, na jikleri ile ndogo haitoi esansi ya kutosha. Motere inachemka njiani.

Nani mwenye kosa hapo? Pikipiki zinafika kupitia Mombasa, Uganda na Kasindi, nyingi zikiwa ndani ya katoni, na zinafungwa hapa hapa mjini. Anayezifunga ni mtu wa duka. Yeye ndiye anayejua kwamba zitafanya kazi milimani. Kama anauza chombo Butembo, basi akipime kwa hewa ya Butembo kabla ya kupokea dola za mtu, na amwambie mteja la kufanya akishuka. Kumwachia motari atafute fundi kando ya barabara, halafu kumnyima garanti kwa sababu alimtafuta, si biashara ya haki.

Sheria nayo haijanyamaza. Kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia ya Congo, ambacho msingi wake ni amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, kinamtaka muuzaji ajibu kwa kasoro zilizofichika zinazofanya kitu kisifae kwa kazi yake. Mnunuzi anaweza kurudisha kitu na kudai bei yake, ama kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Lakini ni lazima adai mapema, na anayedai ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba kasoro ilikuwemo tangu mwanzo. Garanti ya duka ni ahadi inayokuja juu ya hiyo. Haifuti sheria. Wengi hawajui hata kwamba vitu hivyo ni viwili: wanaambiwa « garanti imekwisha » na kufikiri haki yote imekwisha.

Nchini Marekani sheria ya mwaka 1975 juu ya garanti inakataza kiwanda kumfunga mnunuzi kwa vipuri vya chapa yake tu, isipokuwa kinampa bure ama kimepata ruhusa ya pekee. Kukataa kwa sababu tu kuna kipuri cha kigeni hakutoshi. Sheria hiyo haiamui kesi ya Butembo, lakini inaonyesha kwamba jambo linawezekana, na viwanda havikufunga milango kwa ajili yake.

Upande wa motari na fundi, kuna kazi ya kufanya pia, na haigharimu hata franga. Kwanza, pikipiki ikiwa mpya iachwe itembee kama ilivyotoka, mpaka imalize kipindi cha kuzoea na servisi ya kwanza ya duka. Kasoro ya kiwandani mara nyingi inajionyesha mapema. Ikitokea kabla ya fundi mwingine kugusa, hakuna wa kubishana.

Pili, fundi asibadilishe vitu vitatu kwa siku moja. Hili ndilo kosa kubwa la garaji nyingi. Filta, jikleri na eshapema zikibadilishwa pamoja, na motere ikianza kukohoa, hakuna anayejua ni kipi kinasumbua. Abadilishe kimoja, pikipiki itembee, halafu afungue bugi na kuisoma. Bugi haisemi uongo. Ikiwa na rangi ya kahawia kama biskuti, mchanganyiko ni mzuri. Ikiwa nyeupe, esansi ni kidogo na joto ni kali. Mtu asiendelee na safari. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi, esansi imezidi. Ikiwa imelowa mafuta ya motere, basi pete za pistoni ni za kuangalia, na hapo kubadilisha jikleri ni kupoteza wakati.

Motere ikipanda na kushuka yenyewe wakati pikipiki imesimama, mara nyingi hewa inaingia mahali isipopaswa, hasa kwenye kiungo kati ya karbirateri na silinda. Motere ikiwa ya moto, fundi avute choki kidogo: ikitulia, esansi ilikuwa haitoshi, na kiungo hicho kikaguliwe kabla ya kushtaki karbirateri. Eshapema ikipiga risasi wakati wa kushuka mlima, jointi yake iangaliwe. Na bolti zote zilizofungwa upya zikazwe tena baada ya safari ya kwanza, motere ikiwa imepoa. Mafundi wengi wazuri wanafanya hivyo bila kusoma popote. Wengine wanakimbilia mteja anayefuata.

Jaribio la mwisho ndilo lenye nguvu zaidi mbele ya mwenye duka: rudisha kipuri cha zamani. Shida ikiondoka, kipya ndicho chenye kosa. Shida ikibaki, kipya kinaweza kuwa hakina kosa, na duka halina budi kufungua motere lijionee. Ila jaribio hilo linawezekana tu kama kipuri cha zamani bado kipo. Motari wengi wanamwachia fundi kama sehemu ya malipo, naye anakiuza jioni hiyo hiyo. Filta, jikleri na eshapema ya kiwandani ziwekwe ndani ya mfuko nyumbani. Picha ya simu kabla na baada ya kazi, tarehe, kilometa zilizoandikwa kwenye saa ya pikipiki, jina la garaji: hivyo vinne vinatosha kubadilisha mazungumzo. Familia inayohamahama ihifadhi picha ya faktire kwenye simu ya ndugu aliye mahali pengine, maana karatasi hupotea njiani.

Kwa magari, habari ni fupi zaidi. Mengi yanayotembea katika sehemu hii yalinunuliwa yakiwa yametumika, na garanti ya kiwanda ilikwisha zamani. Kinachobaki ni neno la muuzaji, na neno lisiloandikwa halishiki. Mtu akibadilishiwa motere nzima, adai karatasi yenye namba ya motere iliyowekwa. Na akatae ile desturi ya kutoa termostati eti inachemsha gari: bila hiyo motere inafanya kazi ikiwa baridi mno kwenye miinuko, inakula esansi na kuchakaa mapema.

Linalobaki liko mikononi mwa wafanyabiashara. Butembo ni muji wa wachuuzi wakubwa, na shirikisho la wafanyabiashara, FEC, lina ofisi huko. Wamotari nao wana vyama vyao. Pande hizo mbili zikikaa siku moja zinaweza kukubaliana juu ya ukurasa mmoja wa garanti, kwa Kiswahili na Kinande, wenye sehemu mbili: mageuzi yasiyogusa motere, ambayo hayaondoi garanti yake, na yale yanayoiondoa. Kifaransa cha chapa ndogo nyuma ya faktire hakimsaidii mama aliyenunua pikipiki kwa ajili ya mwanawe.

Na pale duka linapokataa, likatae kwa maandishi: kipuri gani kimeharibika, mageuzi gani yalikiharibu, tarehe, saini na mhuri. Pistoni iliyotolewa ibaki mikononi mwa mwenye pikipiki, si kwenye sanduku la duka, ili fundi mwingine apate cha kuangalia.