Gogo Liondoke Buchani, Muuza Nyama Abaki

Kwa muda mrefu sasa wenye mabucha nchini wamekuwa wakihimizwa waachane na gogo na shoka, na badala yake wakate nyama kwa msumeno wa umeme. Himizo hilo lina shabaha njema. Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006 iliipa biashara hii Bodi yake, na mlaji anayo haki ya kupata nyama safi.

Gogo halina utetezi. Kila pigo la shoka hufungua ufa mpya, na ndani ya nyufa hizo damu na mafuta hujikusanya mahali pasipofikiwa na brashi wala maji ya moto. Shoka nalo halikati mfupa, bali huuvunja. Ndiyo maana mama anunuaye nusu kilo pale Mwanjelwa au Ipogolo hulipia pia vibanzi vya mti na vipande vya mfupa viwezavyo kumkwama mtoto kooni.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba kati ya shoka na mtambo hakuna njia nyingine. Msumeno wa umeme hukata mfupa upesi na kwa usawa. Hilo halina ubishi. Lakini unayo masharti. Wataka umeme wa uhakika, nasi hatujausahau mgawo wa mwishoni mwa mwaka 2023. Wataka kufunguliwa na kuoshwa kila siku, kwa kuwa unga wa mifupa hujificha ndani yake na kuoza. Tena wataka mkono uliofundishwa, maana meno yake hayatofautishi kidole cha kijana na ubavu wa ng'ombe.

Bucha la mjini Mbeya au Iringa limalizalo ng'ombe mzima kwa siku lina sababu ya kununua mtambo huo. Lakini bucha la kijijini Kilolo au Rungwe, liuzalo mbuzi mmoja au robo ya ng'ombe, litaurudishaje mkopo wake? Kwa bucha hilo yatosha kisu kikali, msumeno wa mkono usioshika kutu, na meza inayooshika. Fundi ajuaye maungio hutenganisha paja na bega kwa kisu kitupu. Msumeno huungojea uti wa mgongo na mifupa mirefu. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.

Kwa hiyo wakaguzi wa halmashauri hawana budi kupima usafi, si bei ya chombo. Bucha lifungwe kwa sababu ya gogo; lisifungwe kwa kukosa mtambo. Shirika la SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, liwahimize mafundi wetu watengeneze meza na misumeno ya mkono kwa bei nafuu. Nao wenye mabucha wa soko moja waungane, wanunue mtambo mmoja na kumsomesha mtu wa kuuendesha.

Gogo liondoke bila kuchelewa, lakini muuza nyama mdogo asiondoke pamoja nalo.