Mlango wa motokari unaokataa kufunguka



Juma hili tunazungumza juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakiona kidogo: mlango wa motokari unaokataa kufunguka. Kutoka Butembo kwenda Beni, kupitia Maboya na Kabasha, ni karibu kilometa 54. Ni wachache kati yetu ambao hawajasafiri njia hiyo ndani ya taksi ambayo mlango wake wa nyuma unafunguliwa na shofa peke yake, kutoka inje. Tunafika, tunangoja, anazunguka, anafungua, tunashuka. Tumezoea.

Lakini tujiulize: na siku shofa hawezi kuzunguka? Motokari ikilala mtaroni au ikishika moto, yeye pia anaweza kuwa ameumia. Kwa mama mwenye mtoto mgongoni na wengine wawili pembeni, mlango usiofunguka kutoka ndani ni ukuta. Basi, tujifunze kwa nini mlango unakataa, na nini cha kufanya.

Kufuli ya watoto. Hii ndiyo sababu ya kutafuta kwanza, kwa kuwa haigharimu hata franka moja. Fungua mlango wa nyuma, tazama ukingo wake karibu na kitasa. Utaona kijiti kidogo au tundu la kuzungusha kwa ufunguo. Mara nyingi pana picha ya mtoto. Kikiwa kimefungwa, mlango unafunguka kutoka inje tu, hata ukivuta kishikio cha ndani mpaka jioni. Watengenezaji walikiweka ili mtoto asifungue mlango safarini, na katika motokari ya nyumbani yenye watoto wadogo ni kitu chema. Katika taksi, pale wakubwa wameketi nyuma, tuombe kifunguliwe. Ukikutwa umefungiwa, shusha kioo, toa mkono, ufungue kwa kishikio cha inje. Ao pitia kiti cha mbele.

Vumbi na matope. Wakati wa jua, vumbi la barabara zetu linaingia ndani ya kitasa. Mvua ikinyesha, linageuka udongo, na chuma kinashika kutu. Fundi anakisafisha kwa petroli ya taa, anakausha, kisha anapaka grisi kidogo. Tusikubali mtu amimine mafuta ya mawese. Kila mama wa Butembo anajua jinsi mawese yanavyoganda asubuhi ya baridi. Ndani ya kitasa yanaganda vilevile, na yanakusanya vumbi jipya. Kwa mlango wa kusukuma, kama ule wa Hiace, tazama pia reli ya chini, pale tunapokanyaga. Jiwe moja dogo linatosha kuzuia vigurudumu. Reli inafagiliwa kwa burashi, kazi ya dakika tano.

Mzigo na mteremko. Motokari iliyojazwa kupita kiasi, ao iliyosimama gurudumu moja ndani ya shimo, mwili wake unajipinda kidogo, na mlango unabanwa. Hapo usivute kwa nguvu. Shofa aisogeze mahali sawa, ao mzigo upunguzwe, kisha ujaribu tena. Mara nyingi inasaidia watu wawili kufanya pamoja: mmoja avute kishikio polepole, mwingine asukume mlango kuelekea ndani kwa bega. Ule msukumo unalegeza kitasa, na kinaachia.

Waya ya ndani. Kama kishikio kinakuja mkononi kimelegea, bila kushika kitu, basi waya ao chuma chembamba kinachokiunganisha na kitasa kimekatika ao kimechomoka. Hiyo ni kazi ya garaji: fundi anaondoa ubao wa ndani wa mlango na kukirudisha. Mara nyingine ni kishikizo kidogo cha plastiki tu kilichovunjika. Kamba iliyofungwa badala ya kitasa siyo dawa. Wakati wa hatari hakuna mwenye nafasi ya kufungua fundo.

Upande wa kushukia. Tuongeze jambo moja ambalo wengi hatulifikiri. Motokari nyingi zinazotufikia kupitia Kasindi zilitengenezwa kwa Japani, ambako wanatembea upande wa kushoto wa barabara, kama Uganda na Kenya. Usukani wao uko kuume, na Hiace za namna hiyo zina mlango wa kusukuma upande wa kushoto, ili abiria ashukie kandokando. Sisi Wakongomani tunatembea kuume. Hivyo mlango uleule unamshusha mtoto katikati ya barabara, pale pikipiki zinapopita. Mlango ukikwama kisha ukafunguka kwa ghafula, mtoto aliyeegemea anaangukia huko. Kwa hiyo mkubwa ashuke kwanza, atazame nyuma, ndipo awapokee watoto mmoja mmoja.

Na ikitokea ajali, milango yote ikigoma? Usipoteze nguvu kwa kioo kikubwa cha mbele, kwa kuwa kimetengenezwa kisiachie. Shusha kioo cha pembeni. Kisiposhuka, kipige kwenye kona kwa kitu kigumu chenye ncha. Funika uso wa mtoto kwa kitenge kwanza.

Tunajua neno gumu ni lipi. Siyo kitasa, ni kuuliza. Mama mmoja akiuliza, anaambiwa: « Mama, panda tu, wengine wanangoja. » Lakini kundi la wamama wanaokwenda sokoni pamoja, wanaojaza motokari nzima, wana nguvu nyingine. Kabla ya kutoa pesa, mmoja aingie, ajifungie, ajaribu kufungua kutoka ndani. Kisha aseme kwa heshima: « Papa shofa, mlango huu hautufungui. Tengeneza, tutapanda na wewe juma lijalo. Leo tunapanda ile nyingine. » Shofa akisikia hivyo mara tatu, ataenda garaji.

Kazi ya juma kwa makundi

1. Tafuteni motokari iliyosimama mahali salama, kwa ruhusa ya mwenyewe, injini ikiwa imezimwa. Kila mama atafute kufuli ya watoto na kuionyesha kwa mwenzake.
2. Watoto wa kuanzia miaka sita wajifunze kufungua mlango kutoka ndani na kushusha kioo. Wakumbushwe kwamba motokari ikitembea, mkono haugusi kishikio.
3. Chagueni mama mmoja atakayejaribu mlango kila safari ya soko. Mbadilishane kila mwezi, ili wote wajue.