Sifa za Binti Zisingoje Khitma



Suala lililotufikia juma hili hapa Pande limeletwa na mzazi mmoja wa kiume. Binti yake anatimiza miaka 30. Ameolewa, ni mwalimu mbali na nyumbani, na ndiye anayetuma fedha za dawa za mama yake kila mwezi pasi na kukumbushwa. Mzee anataka kumwandikia barua siku hiyo amweleze kuwa yu radhi naye. Jirani akamwambia hiyo ni bid'a, na barua ikabaki haijaandikwa.

Hapa pana mambo mawili yaliyochanganywa, siku na neno. Kuhusu siku, wanazuoni wamekhitilafiana. Wapo wanaotaja hadithi iliyomo katika Sahih Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya saumu ya Jumatatu alieleza kuwa ndiyo siku aliyozaliwa, na wapo wanaojibu kwamba yeye alifunga, hakufanya sherehe. Ikhtilafu hiyo tunawaachia wenye elimu zaidi yetu. Mzee wetu hakuuliza habari za keki wala mishumaa.

Ama neno jema kwa binti, hapo hatukuona ikhtilafu. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia, na Abu Daud na Tirmidhi wakapokea, kwamba Bibi Fatma (r.a.) alipoingia kwa baba yake, Mtume (s.a.w.) alimwinukia, akambusu na kumkalisha mahali pake, naye Fatma alimfanyia baba yake vivyo hivyo. Ieleweke kwamba huyu hakuwa mtoto wa kupakatwa. Ni mwanamke mzima, aliyeolewa na Sayyidna Ali (r.a.) mwaka wa 2 Hijria, baada ya Badr. Kwetu huku baba akiinuka mkekani binti yake aingiapo, watu watadhani mzee anaondoka.

Katika pwani yetu hii ya Waswahili upo mfano mwingine. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alitunga utendi wake maarufu mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Alikuwa mgonjwa, maradhi yametimiza mwaka, na yapata miaka miwili baadaye akafariki. Wengi wetu tulifundishwa utendi ule kama mafunzo ya kumtii mume, na mafunzo hayo yamo. Lakini tukiusoma polepole tunamwona mama akimwita binti yake akaribie, achukue wino na karatasi, kwa kuwa analo neno lililokaa moyoni ambalo hakuwahi kumwambia. Mausia yenyewe anayafananisha na kidani cha lulu na marijani, avikwe shingoni. Mama yule alijua muda umebana.

Sisi tulio katika ukatibu wa msikiti ndio mara nyingi tunaokabidhiwa wasifu wa marehemu, tuusome kabla ya jeneza kuinuliwa. Tumesoma wasifu wa mabinti ambao baba zao, wakiwa safu ya mbele, ndio waliotupa maneno: alikuwa mpole, hakunikatalia, alinivusha mwaka wa njaa. Tulipowauliza baadaye kama marehemu aliwahi kuyasikia, wengine waliinamisha vichwa. Mmoja alituambia kwamba alidhani binti anajua.

Kwa hiyo mzee tulimjibu aandike. Ikiwa siku ile inamtia shaka, aiandike Ijumaa iliyo karibu, barua haitapungua uzito. Asitafute maneno ya kadi za dukani. Ataje mambo aliyoyaona kwa macho yake: ule mwaka mvua ilipokosa na simsim ikakauka shambani, nani aliyelipa ada ya mdogo wake, nani aliyelala hospitali siku tisa kando ya kitanda cha mama. Asimlinganishe na kaka zake, maana barua itasomwa na wengi na fitina itaanzia hapo. Amwombee dua kwa jina lake. Na tafadhali, asimalizie kwa kuomba fedha za bati! Sifa ikifuatiwa na ombi, binti ataisoma yote kama hati ya madai.

Kina mama wametuuliza kwa nini tunasema na baba peke yao. Ni kwa sababu mama wa Pande humsifu binti yake kisimani, sokoni na hata katika ugomvi. Baba ndiye aliyenyamaza. Asiyejua kuandika amwendee mjukuu aliyeko shule, aseme naye aandike, kama wazee wetu walivyokuwa wakifanya kwa barua za Unguja na Mombasa. Ofisi ya msikiti iko wazi baada ya Alasiri, karatasi na kalamu zipo, na yatakayoandikwa humo hatutayasoma.